Mtu wa Juu na Mtu wa Chini

Basi la Mhindi liliniacha kwenye barabara kuu, pale njia ya kwetu inapoanza kupanda mlimani. Nilikuwa nimekaa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua, upande wa Kilimanjaro, tangu masika ya mwaka mmoja hadi masika ya mwaka wa pili yalipokatika. Nilipopelekwa nilibebwa kwa machela ya magunia. Niliporudi nilishuka kwa miguu yangu mwenyewe, sanduku la bati mkononi, na suruali nimeifunga kiunoni kwa kamba kwa sababu mkanda ulikuwa umeishiwa matundu.

Waliokuja kunipokea walikuwa mke wangu na kaka yake. Mke wangu alichukua sanduku akajitwika, macho yake yakikwepa yangu. Kaka yake alinikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, kifua kwa kifua, palepale barabarani, watu wa basi wakitutazama madirishani.

"Shemeji," akasema kwa Kimeru, "umerudi mzima au umerudi nusu?"

"Nusu," nikamwambia.

"Nusu inatosha. Hiyo nyingine tutaitafuta taratibu."

Huyo shemeji alikuwa mwenzangu wa kazi kabla sijamwoa dada yake. Tulipasua mbao. Siku hizo za Mwingereza mashine za mbao zilikuwa za wazungu na Wahindi wachache. Sisi wengine tulipasua kwa mikono. Mnachimba shimo refu la kupita kimo cha mtu, mnaviringisha gogo hadi likae juu ya shimo kwenye magogo madogo, kisha mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine anashuka shimoni. Msumeno ni mrefu, una mpini huku na huku. Mtu wa juu anauinua na kuufuata mstari. Mtu wa chini anauvuta, na unga wa mbao unamwangukia usoni, puani na kifuani tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nilikuwa mtu wa chini.

Njia ile nilikuwa nimezoea kuipanda na msumeno begani, napiga mluzi. Siku hiyo nilifika kwenye mfereji wa kwanza nikakaa chini. Miguu ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Mwanamke mmoja jirani yetu alikuwa akishuka na mkungu wa ndizi kichwani. Aliponiona alisalimia akiwa mbali, akaruka mfereji, akapita upande wa pili kwenye majani yenye umande. Shemeji alimtazama hadi alipopotea, kisha akanipa mkono.

"Inuka. Tukikaa sana hapa atarudi na wengine kukuaga."

Tulipanda tukipumzika mara nyingi. Tulipofika nyumbani jua lilikuwa linaangukia nyuma ya mlima na baridi imeshaanza.

Mama yangu alikuwa amenitengenezea chumba. Sikujua hilo kabla. Kilikuwa kibanda cha mabanzi, yale magome ya nje tunayoyatupa tunapopasua gogo, na kilisimama katikati ya mibuni, mbali kidogo na nyumba. Ndani kulikuwa na kitanda, blanketi jipya, kikombe kimoja, bakuli moja na kijiko kimoja.

"Ni kwa ajili ya mtoto," Mama alisema. Alikuwa ameshika mlango, anatazama chini. "Umeelewa, mwanangu? Ni kwa ajili ya mtoto tu."

"Nimeelewa, Mama. Umefanya vizuri."

Binti yangu alikuwa anatembea sasa. Nilimwacha anatambaa. Alisimama mlangoni kwa bibi yake, kidole mdomoni, akinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kuuza kitu. Nilimwita jina. Akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, na hakuna aliyemsukuma mbele.

Pale hospitalini daktari Mzungu alikuwa amenipa maagizo, na dresa wa zahanati yetu alipewa kazi ya kuyasimamia. Dresa alikuwa mtu wa Upare, kwa hiyo naye tulizungumza Kiswahili. Alinipima uzito kwenye mzani wa kahawa wa jirani yake, kwa sababu wa zahanati ulikuwa mbovu.

"Sikiliza," akaniambia. "Ugonjwa umelala, haujafa. Ukiushtua utaamka. Kula kama mzazi. Maziwa, mayai, nyama, mafuta. Pombe usiguse. Kila asubuhi tembea kidogo, na kesho ongeza kidogo. Ukianza kuhema, rudi. Msumeno usiushike mpaka nikuambie."

Kula kama mzazi! Kwetu mwanamke aliyejifungua ndiye anayefungiwa ndani na kulishwa mpaka mashavu yang'ae. Mwanamume mzima kuletewa uji wa maziwa na mtori kitandani, tena mayai, ambayo wazee wetu waliyaona ni chakula cha watoto na wazungu, lilikuwa jambo la kuficha. Mke wangu alichemsha mayai akayaleta chini ya jani la mgomba. Mama alishuka mpaka Kisongo, kwa Waarusha wafugaji wenye undugu na mama yake, akarudi na kibuyu cha mafuta ya kondoo na fungu la magome ya kuchemshia supu. Ile supu ilikuwa chungu kama adhabu. Niliinywa yote.

Nilikula bila njaa. Hakuna aliyenieleza kwamba tumbo nalo linaweza kusahau kazi yake. Kijiko cha tatu kilikuwa kinanitoa machozi, na nje nilikuwa nawasikia wao wakila pamoja jikoni, wakizungumza, sufuria ikikwaruzwa. Mke wangu alikuwa akingoja nimalize, anachukua bakuli kwa jani, analiosha peke yake kwa maji ya moto. Sikumlaumu. Alikuwa mama wa mtoto. Lakini nilipokuwa hospitalini nilikuwa mmoja wa wengi, na hapa nilikuwa peke yangu.

Kutembea nilianza na mibuni yetu. Kwenda mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Baadaye mpaka mferejini. Baadaye mpaka kanisani, ambapo nilikaa benchi la nyuma na benchi zima likabaki langu. Mchungaji aliniombea kwa sauti na watu wakaitikia amina, kisha wakatoka kwa mlango wa mbele, wasipite nilipokaa.

Mtu mmoja tu hakuniogopa. Shemeji alikuja karibu kila siku. Alikuwa akikaa kwenye kitanda changu, siyo mlangoni. Nikishindwa kumaliza chakula alichukua kijiko changu, kilekile, akamaliza.

"Huogopi?" nilimwuliza.

"Niogope nini? Wewe na mimi tumekula unga wa mbao pamoja miaka yote hiyo. Mengine ni kitoweo."

Alikuwa mtu wa maneno kama hayo. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na kicheko chake kilisikika kutoka bonde la pili. Wakati nilipokuwa hospitalini ndiye aliyelisha nyumba mbili, yake na yangu. Alipasua mbao na yeyote aliyekubali kushuka shimoni, na wengi hawakurudi siku ya pili. Mke wangu alinieleza mambo hayo akiwa amesimama nje ya kibanda changu. Shemeji mwenyewe hakuyataja hata mara moja.

Kipupwe kilipoisha, dresa alinisikiliza kifua, akagonga mgongo, akasikiliza tena. "Unaweza kuanza kazi nyepesi," akasema. "Nimesema nyepesi."

Shemeji aliposikia alifurahi kuliko mimi. Kesho yake asubuhi alikuja na msumeno na tupa, akaviweka miguuni pangu. "Anza na kunoa," akasema. Nikanoa. Meno ya msumeno ni mengi na kila moja lina upande wake. Nilikuwa nanoa, napumzika, nanoa, mpaka mkono ukakumbuka. Baada ya hapo akanichukua mpaka shimoni, karibu na msitu, nikakaa juu ya gogo nikimtazama anavyopiga mstari kwa kamba iliyopakwa masizi. Kisha, siku moja ya jua, akanipa mpini.

"Mimi nashuka," akasema. "Wewe kaa juu, kuna hewa. Vumbi hilo silo la kifua chako."

"Lakini wewe ndiye mtu wa juu. Mstari utapinda."

"Upinde. Mbao zetu zitakuwa za mgonjwa. Watu watanunua kwa huruma."

Tulianza na gogo fupi la mringaringa. Nilivuta msumeno juu mara chache, nikaona giza. Nikakaa. Yeye alikaa kule chini, mgongo kwenye udongo, akasubiri. Tukaendelea. Siku ya kwanza hatukufika hata katikati ya gogo. Zamani kipande kama hicho tungekimaliza kabla ya chai. Nilirudi nyumbani nimeshikilia fimbo, nikalala na viatu, lakini jioni hiyo nilisikia njaa. Njaa ya kweli, ile inayokwaruza. Nikamwita mke wangu nikiwa bado kitandani, "Kuna loshoro?" Alikuja mbio na bakuli, na kwa mara ya kwanza alikaa akanitazama ninavyokula yale mahindi na maziwa ya mgando.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Kwa muda mrefu tulipasua nusu asubuhi tu. Shemeji ndiye aliyetamka mapumziko. Kutoka chini nilisikia, "Shemeji, pumzika." Nami nikakaa juu ya gogo na kumshukuru moyoni, maana mtu mwingine angekuwa amechoka na mimi. Mke wangu alinifungashia chakula, ndizi zilizopondwa na maharage, yai, chupa ya maziwa, na tulikula pamoja kwenye bakuli moja, miguu ikining'inia shimoni.

Nguvu zilirudi jinsi maji yanavyorudi mferejini baada ya watu wa juu kuyafungulia. Kwanza unasikia sauti tu, kisha ardhi inalowa, kisha unaona yanapita. Mkanda wangu ulirudi kwenye tundu lake la mwisho, halafu la kabla ya hilo. Nilianza kupanda njia bila kukaa. Siku moja nilifika shimoni nikiwa napiga mluzi, na nikashangaa mwenyewe kuusikia.

Siku hiyohiyo ndipo nilipoanza kuona.

Tulikuwa tumefika katikati ya gogo, mkono wangu una moto, nataka kuendelea. Kutoka chini nikasikia, "Shemeji, pumzika."

"Sijachoka," nikasema.

"Dokta wako alisema taratibu."

"Lakini sijachoka."

Nilichungulia shimoni. Alikuwa ameegemea ukuta wa udongo, macho amefumba, mdomo wazi. Shati lilikuwa limelowa mgongoni na jua halikuwa kali. Mifupa ya mabega yake ilikuwa imesimama kama pembe mbili chini ya kitambaa. Nilikuwa nimemtazama kila siku kutoka juu, lakini nilikuwa namtazama kama mgonjwa anavyomtazama mwuguzi. Haja yangu ilikuwa nguvu zake, nami sikuuangalia mwili wake.

Kisha akageuka, akaweka paji la uso kwenye udongo, akakohoa. Alikohoa kidogo, amefunga mdomo, mkono umeshika ubavu. Ile sauti naijua. Nimelala na ile sauti kulia na kushoto kwangu zaidi ya mwaka mzima. Kikohozi cha vumbi kinapiga kelele. Kile kinajificha.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Ni vumbi."

"Shemeji, tangu lini?"

"Nimesema ni vumbi. Vuta msumeno."

Sikuvuta. Nilishuka shimoni, nikaweka kiganja kwenye shingo yake kabla hajanizuia. Ilikuwa ya moto. Akausukuma mkono wangu kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Umepona ukawa daktari?"

Alipanda juu, akachukua koti lake akaondoka. Mimi nilibaki mle ndani, unga wa mbao umenifika kwenye vifundo vya miguu, na nilipofukua kwa kidole pale alipokuwa amegeukia niliona alikuwa na mahali pake pa kufukia makohozi yenye damu.

Nilimweleza mke wangu jioni hiyo. Alikuwa anamenya ndizi. Hakulia. Kisu kilisimama tu, kisha kikaendelea. Akasema, "Nilikuwa nafikiri ni uchovu wa nyumba mbili." Akamenya nyingine, akasema, "Alikuwa anakula na wewe."

"Ndiyo."

"Kila siku."

Nilijua anachokifikiri, na mimi nilikuwa ninakifikiri pia, na hatukukisema. Niliwahi kumwuliza dresa baadaye kama mimi ndimi niliyempa ugonjwa. Alijibu kwamba hilo hakuna anayeweza kulijua, huenda tuliupata wote wawili kwa mtu mmoja, huenda mimi kwake, huenda yeye kwangu kabla sijapelekwa. Jibu hilo lilikuwa la kweli na halikunisaidia kitu.

Kesho yake mke wangu aligawa maziwa na mayai sehemu mbili, akampelekea kaka yake. Kaka yake akayarudisha. Akayapeleka tena, akayarudisha tena. Basi nikaenda mimi. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba yake juani, blanketi mabegani. Mke wake na watoto walikuwa shambani wanachuma kahawa.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua kabla sijarudi."

Alitazama mlima. Ulikuwa wazi siku hiyo, mawe yake yote yanaonekana.

"Nilijua," akasema.

"Kwa nini hukwenda? Unajua hospitali ilipo. Ulinipeleka wewe mwenyewe. Ulinibeba!"

"Ningekwenda nani angevuta msumeno? Wewe ulikuwa kitandani kule. Na mimi nikalale kitanda cha pembeni? Hawa wote wale nini, wale kahawa mbichi?" Alipumua, akashika ubavu. "Nilisema nitangoja. Wewe ukisimama vizuri, mimi nitakwenda. Zamu yako, kisha zamu yangu. Ndiyo maana nilikuwa nakuhimiza ule."

Nilifikiri asubuhi zote zile nilizopumzika juu ya gogo, nikitazama ndege, nikingoja pumzi inirudie bila haraka kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisiwe na haraka.

"Nimesimama," nikamwambia. "Nenda sasa. Nenda kesho."

"Tumalize gogo lililo shimoni. Mteja wa mjini anangoja."

"Mteja aende zake."

"Tumalize," akasema. "Ni la podo, ni laini. Nitakwenda tukimaliza."

Hapo nilipaswa kuwaita wanaume wambebe, lakini mtu mzima huwezi kumfunga kamba. Tulikubaliana mimi nishuke chini, yeye asimame juu kwenye hewa, kama zamani. Tulipasua taratibu, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa natamka, "Shemeji, pumzika." Alikuwa anapumzika kabla sijamaliza neno.

Hatukulimaliza lile gogo. Tulikuwa tumetoa mbao kadhaa, msumeno uko ndani ya mstari, nikavuta na juu hakuna aliyeuinua. Nilitazama juu. Kitu cha moto kilinidondokea kwenye paji la uso, kisha kingine. Alikuwa amepiga magoti kwenye gogo, mikono miwili mdomoni, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole.

Tulimbeba siku hiyohiyo, mimi na majirani watatu. Nilishika pembe ya machela. Nilimbeba mpaka barabarani bila kupokewa, na watu waliotuona walisema, tazama, yule aliyekuwa maiti juzi. Gari la bwana msitu lilikuwa linapita, akasimama, akamtazama, akakubali tumlaze nyuma. Dada yake alipanda naye.

Nilikwenda kumtembelea mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anaongea. Wodi ilikuwa ileile, madirisha yaleyale yasiyofungwa mchana wala usiku. Mwuguzi aliyenihudumia mimi alinitambua mlangoni, akapiga makofi kwa furaha.

"Mwangalieni huyu! Amenenepa! Jamani, mnamwona huyu? Alitoka hapa fimbo, mwangalieni sasa!"

Wagonjwa waligeuza vichwa kwenye mito kunitazama. Shemeji naye alinitazama. Alikuwa amebaki macho na meno. Nilitamani nivue ile nyama yote niliyokuwa nimejaza, niiweke kwenye kiti.

"Ni kweli," akasema, anacheka bila sauti. "Nimelisha ng'ombe vizuri."

"Wanasema nini madaktari?"

"Wanasema nile." Alisukuma bakuli la uji kwa nyuma ya mkono. "Kijiko cha tatu hakipiti. Wewe ulifanyaje?"

Nilimwambia afumbe macho, asifikirie kijiko kinachofuata. Nilimlisha. Alikula vijiko vitano, akasema imetosha, akaomba nimweleze mvua kama zimeanza na kama gogo nimelifunika. Nilimwambia nimelifunika kwa majani ya migomba. Aliitikia kwa kichwa akalala.

Mara ya pili hakunijua. Zile sindano zilizonisaidia mimi hazikupata cha kushika kwake; daktari alisema alikuja amechelewa. Alikufa mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Tulimzika kulekule, kwenye makaburi ya hospitali, kwa sababu hatukuruhusiwa kumsafirisha. Tulikuwa wachache. Mama mkwe wangu alikuwa mzee, hakuweza safari. Mke wangu alichukua udongo kidogo wa kaburini akaufunga kwenye pindo la kanga, akamletea.

Tuliporudi, mke wangu aliacha kuchemsha mayai. Hakusema anaacha. Aliniletea ndizi tupu na maharage, akaweka bakuli mlangoni akaondoka. Maziwa yote yalikwenda kwa mtoto na kwa watoto wa kaka yake. Niliona ni haki, nikala nilichopewa. Kutembea niliacha. Nililala mchana kutwa katika kile kibanda, nikisikiliza mvua kwenye mabanzi, na mkanda ulianza kurudi kwenye matundu ya nyuma. Mama yangu aliuona mkanda. Sijui alimwambia nini mke wangu. Asubuhi moja mlango ulisukumwa, mke wangu akaingia mpaka ndani, akakaa kitandani, mahali alipokuwa akikaa kaka yake, akaweka kikombe cha maziwa mkononi mwangu.

"Kunywa."

"Mpe mtoto."

"Mtoto ameshakunywa. Kunywa." Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu. "Nimekukasirikia mpaka nimechoka. Sina nguvu za kuzika mwingine. Kunywa, halafu uvae viatu. Kuna gogo kule linaoza."

Nilidhani anataka nitafute mtu wa kunisaidia. Tulipofika shimoni alifunga kanga kiunoni, akatazama chini, akauliza, "Nani anasimama wapi?" Kwetu mwanamke hashiki msumeno. Nilimwambia watu watacheka. Akasema watu hao ni walewale wanaoruka mfereji wakituona.

Nilitaka kushuka mimi. Alikataa. Alisema kifua changu kimoja ndicho walichobaki nacho, nyumba mbili. Akashuka yeye, akafunga kitambaa puani na mdomoni. Tulitoa majani ya migomba yaliyooza juu ya gogo. Msumeno ulikuwa umeshika kutu. Nilikuwa nimeuacha ndani ya mstari siku ile, na hata nilipokuja kufunika gogo sikuwa na moyo wa kuutoa. Nilikwangua kutu, nikanoa, tukaanza. Kwanza alivuta vibaya, kwa mikono badala ya mgongo, nikamwelekeza. Tulipumzika mara nyingi kuliko tulivyovuta. Mara moja nilisikia analia kule chini na msumeno haukusimama, nami sikusimama.

Tulilimaliza baada ya siku nyingi. Zile mbao za mwisho zilikuwa zimeingia doa la bluu kwa ajili ya unyevu na mteja wa mjini alizikataa. Zilinunuliwa na mtu wa Kimandolu aliyekuwa anajenga zizi.

Sikupasua mbao tena kwa ajira. Nilipata kazi ya kunoa misumeno kwenye duka la mbao mjini, kazi ya kukaa, na niliifanya mpaka Mwingereza alipoondoka na baada ya hapo. Nilishuka asubuhi taratibu na kupanda jioni taratibu. Watoto wa shemeji walikula kwetu mpaka walipokuwa wakubwa. Ugonjwa wangu haukuamka. Dresa aliniambia niendelee kula mayai maisha yangu yote, na nimeendelea, lakini hadi leo sijawahi kuyapenda.